Mwongozo kamili: kusoma na kutibu makosa ya kompaila unapojifunza grafiki za DOS

Skrini ikijaa mistari ya makosa, wanafunzi wengi hukimbilia kufuta programu nzima na kuiandika upya. Usifute. Swali la kwanza siyo "nimekosea wapi?" bali "nani analalamika?" Ni kompaila (inayogeuza msimbo wako kuwa lugha ya mashine), ni linka (inayounganisha vipande kuwa programu moja), au ni programu yenyewe ikiwa tayari inakimbia? Hao ni watatu tofauti, na dawa ya mmoja haimtibu mwingine. Nimekaa na vijana wengi hapa Mbeya wakihangaika na grafiki za DOS, mfumo endeshi wa zamani wa kompyuta, na mara nyingi naona wanahariri msimbo usio na kasoro yoyote kwa sababu aliyelalamika ni linka.

Kwa nini mtu ajifunze kitu cha zamani hivi? Kwa sababu kompyuta inakuwa wazi mbele yako. Turbo C, kompaila ya lugha ya C ya kampuni ya Borland, ilitoka mwaka 1987, mwaka uleule IBM walipoleta VGA, mfumo wao wa picha za skrini, pamoja na kompyuta zao za PS/2. Katika modi moja ya VGA, skrini ni pikseli 320 kwa 200, na kila pikseli ni baiti moja tu kwenye kumbukumbu. Ukiandika namba kwenye baiti, rangi inatokea papo hapo. Hakuna tabaka kumi za programu katikati. Na laptopu ya mtumba kutoka Mwanjelwa, hata iwe dhaifu, inatosha kabisa, wala huhitaji bando baada ya kupata mafaili.

Mwongozo huu unafuata Turbo C++ 3.0 ndani ya DOSBox, programu inayoiga kompyuta ya DOS, kwa kuwa ndiyo njia wanayoipitia wengi. Penye tofauti na Turbo C 2.01 nitasema.

Hatua ya 1: Andaa uwanja kabla ya kuandika chochote

Tengeneza folda moja, tuseme C:\DOS kwenye Windows, kisha weka folda ya Turbo C ndani yake kwa jina TC. Fungua faili la mipangilio la DOSBox, nenda mwisho kabisa penye sehemu ya [autoexec], uandike:

```
mount c c:\dos
c:
set path=z:\;c:\tc\bin
cd \tc
tc
```

Kwenye Linux mstari wa kwanza utakuwa `mount c ~/dos`. Kuanzia hapo, ndani ya DOSBox, Turbo C yako iko C:\TC. Ushike moyoni mpangilio huo, tutaurudia mara nyingi.

Sasa onyo ambalo limewaliza wengi. Kwenye Turbo C, Ctrl+F9 ni kukimbiza programu. Kwenye DOSBox 0.74, Ctrl+F9 ni kuifunga DOSBox yenyewe, hapohapo, bila kuuliza. Unaandika saa nzima, unabonyeza kama vitabu vinavyosema, na kila kitu kinatoweka. Hilo siyo kosa la programu yako. Kimbiza kwa menyu: Alt+R, halafu R. Na kabla ya kukimbiza, F2 ya kuhifadhi. Kila mara. Programu ya grafiki ikigandisha DOSBox, au umeme ukikatika wakati wa mvua na betri ya laptopu imechoka, kilichohifadhiwa ndicho utakachobaki nacho.

Mambo mawili madogo kuhusu mafaili. DOS inataka jina lisizidi herufi 8, na kiambishi kisichozidi herufi 3, kwa hiyo MILIMA.C ni sawa lakini MilimaYaRungwe.c itageuzwa kuwa MILIMA~1.C. Pia ukitupia faili jipya ndani ya folda kutoka upande wa Windows huku DOSBox iko wazi, huenda DOSBox isilione. Bonyeza Ctrl+F4 ili isome folda upya, kabla hujaanza kuamini kwamba faili limepotea.

Alama zisizolingana na vitufe, mfano unabonyeza `#` linatoka jingine, hutokana na mpangilio wa kibodi. Jaribu kuandika `keyb us` kabla ya kufungua Turbo C.

Hatua ya 2: Tenganisha sauti tatu

Usikimbize programu mpya moja kwa moja. Bonyeza kwa hatua:

Alt+F9 inakompaili tu. Inasoma msimbo wako na kutoa faili la .OBJ. Kosa likitokea hapa, basi liko kwenye maandishi yako, au kwenye njia ya kuyapata mafaili ya heda (yale ya .H yanayotaja funksheni zilizopo).

F9 inakompaili na kuunganisha. Kama Alt+F9 ilipita salama na F9 imegoma, msimbo wako kisarufi ni mzima. Linka imekosa kipande fulani, na tatizo liko kwenye maktaba, kwenye mipangilio, au kwenye jina la funksheni.

Alt+R, R inakimbiza. Kama F9 ilipita na hapa ndipo pamegoma, kompaila na linka wameshamaliza kazi yao. Usirudi kuhangaika na nukta mkato.

Zoea hili liwe la vidole.

Hatua ya 3: Kompaila inapolalamika, tibu kosa la kwanza tu

Makosa ya kompaila ni kama foleni ya malori pale Tunduma: la mbele likikwama, yote ya nyuma yanasimama ingawa hayana ubovu. Rekebisha la kwanza, bonyeza Alt+F9 tena, uone yamebaki mangapi. Mara nyingi kumi yanaondoka kwa mkupuo.

Na namba ya mstari usiiamini kupita kiasi. Kompaila inataja mahali ilipochanganyikiwa, siyo lazima pale ulipokosea.

"Statement missing ;" karibu kila mara inamaanisha nukta mkato imekosekana kwenye mstari wa juu yake. Kompaila ilifika mstari unaofuata ndipo ikagundua kwamba sentensi iliyotangulia haikufungwa.

"Compound statement missing }" hutajwa mwishoni mwa faili, wakati bano lililosahaulika liko juu huko. Usihesabu kwa macho. Weka kishale juu ya `{` kisha bonyeza Ctrl+Q, halafu `[`. Turbo C itakupeleka kwenye bano linalolingana nalo, na ukiona imekupeleka pasipotarajiwa, hapo ndipo penye kasoro.

"Illegal character" ikifuatwa na namba kama 0xE2 ni ugonjwa wa kunakili. Msimbo umepita kwenye WhatsApp, kwenye Word au kwenye PDF ya notisi, na alama za kunukuu zimegeuzwa kuwa zile zilizopinda. Kwa jicho zinafanana, kwa Turbo C ni uchafu. Futa kila alama ya kunukuu kwenye mstari huo na uiandike upya kwa mkono ndani ya Turbo C. Angalia na kistari cha kutoa, nacho hugeuzwa.

"Unable to open include file 'GRAPHICS.H'" ndiyo mwanzo wa safari ya karibu kila mtu. Kompaila haijui folda ya heda iko wapi. Fungua menyu ya Options, chagua Directories, na uhakikishe hivi:

```
Include Directories:  C:\TC\INCLUDE
Library Directories:  C:\TC\LIB
```

Chanzo chake huwa ni kimoja: Turbo C imepitishwa kwa flashi kutoka mtu hadi mtu, na mipangilio iliyokuja nayo bado inataja folda ya mwenye mali wa kwanza, tuseme C:\TURBOC3\INCLUDE. Ama badilisha mipangilio, ama badilisha jina la folda. Usifanye vyote viwili kwa pamoja, utajizungusha.

Kisha kuna kundi kubwa la makosa yanayotokana na msimbo wa kisasa kuingizwa kwenye kompaila ya kale. Turbo C++ 3.0 ni ya mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kiwango rasmi cha kwanza cha C++ kilitoka 1998. Kwa hiyo vitu hivi havijulikani kwake:

`#include <iostream>` bila .h. Andika `<iostream.h>`.

`using namespace std;` huleta "Declaration syntax error". Futa mstari wote.

`bool`, `true` na `false` huleta "Undefined symbol". Tumia `int` na 1 au 0.

`<stdint.h>` na `uint8_t` hazipo. Tumia `unsigned char`.

Hapa pia ndipo kiambishi cha faili kinapoleta utata. Turbo C++ ikiona .C inakompaili kwa kanuni za C, ikiona .CPP inafuata C++. Chini ya kanuni za C ni lazima utaje vigezo vyote mwanzoni mwa bloku, kabla ya amri yoyote. Ukiandika `for (int i = 0; ...)` kwenye faili la .C utaambiwa "Expression syntax", na baada yake mvua ya "Undefined symbol 'i'". Msimbo siyo mbaya, uko kwenye faili lenye kiambishi kisichoufaa. Turbo C 2.01 ni kali zaidi: hata maelezo yanayoanza na `//` haiyataki, inakubali `/* */` peke yake.

Ushauri wangu ni kuanza na .CPP. Kompaila ya C++ inakataa mapema makosa mengi ambayo ile ya C inayaachia yapite, na utaona sababu hatua chache mbele.

Hatua ya 4: Linka

Hii hapa programu ndogo ya majaribio. Iandike kama ilivyo, kwa jina JARIBIO.CPP:

```
#include <graphics.h>
#include <stdio.h>
#include <conio.h>

int main(void)
{
    int kadi = DETECT, modi, kosa;

    initgraph(&kadi, &modi, "C:\\TC\\BGI");
    kosa = graphresult();
    if (kosa != grOk) {
        printf("Grafiki: %s\n", grapherrormsg(kosa));
        getch();
        return 1;
    }
    line(0, 400, 639, 400);
    getch();
    closegraph();
    return 0;
}
```

Alt+F9 inapita. F9 inasema "Undefined symbol _initgraph in module JARIBIO.CPP". Watu huanza kukagua tahajia ya initgraph, wanaongeza heda nyingine, wanahamisha mistari. Lakini kumbuka Hatua ya 2: kompaila imeridhika. Faili la heda limetaja tu kwamba funksheni hiyo ipo mahali fulani. Mwili wake uko ndani ya GRAPHICS.LIB, na linka haijaambiwa iichukue. Nenda Options, Linker, Libraries, weka alama kwenye Graphics library. Umemaliza.

Ukikompaili kwa mstari wa amri, itaje maktaba mwenyewe:

```
tcc jaribio.cpp graphics.lib
```

Ile alama ya `_` mbele ya jina isikutishe, kompaila yenyewe huiweka. Ila angalia herufi kubwa na ndogo. Ukiona "Undefined symbol _Initgraph", yenye I kubwa, basi hapo kweli tahajia ndiyo mkosaji. Na tazama tofauti: kosa hilohilo kwenye faili la .CPP lingekamatwa na kompaila kwa ujumbe "Function 'Initgraph' should have a prototype", pamoja na namba ya mstari. Kwenye .C kompaila inatoa onyo tu na kumwachia linka mzigo.

Ujumbe unaotaja C0S.OBJ kwamba imeshindwa kufunguliwa ni wa folda ya maktaba: rudi kwenye Directories, sahihisha C:\TC\LIB. Herufi S ni ya modeli ndogo ya kumbukumbu (modeli ni mpangilio wa jinsi programu inavyogawa kumbukumbu). Ukiona C0L.OBJ, umechagua modeli kubwa na pengine aliyekupa nakala hakukuwekea mafaili yake.

"Fixup overflow" hutokea pale mafaili ya .OBJ yaliyokompailiwa kwa modeli tofauti yanapounganishwa pamoja. Futa .OBJ zote, chagua modeli moja, kompaili upya kila kitu.

Hatua ya 5: Imekimbia, lakini hakuna picha

"BGI Error: Graphics not initialized" (BGI ni maktaba ya grafiki ya Borland) maana yake umeanza kuchora ilhali initgraph ilishindwa. Programu nyingi za kwenye notisi hazikagui matokeo ya initgraph, ndiyo maana nimeweka `graphresult()` kwenye mfano. Usiitoe. Inakuambia sababu kwa maneno badala ya kukuacha gizani.

Sababu ya kawaida ni namba -3: faili la kiendeshi EGAVGA.BGI halijaonekana. Kagua njia uliyoandika. Ndani ya nukuu za C, alama `\` moja huanzisha herufi maalumu, hivyo lazima iandikwe mara mbili. Mtu akiandika `"c:\tc\bgi"`, Turbo C inasoma `\t` kuwa kichupo na `\b` kuwa kurudi nyuma nafasi moja, na kinachobaki siyo njia ya folda yoyote duniani. Kompaila hailalamiki kwa sababu kisheria ni maandishi halali.

Ukitaka kumpelekea mwenzako wa Iringa programu iliyokamilika, nakili EGAVGA.BGI uiweke kando ya .EXE, na kwenye initgraph andika `""` badala ya njia. Itatafuta kwenye folda iliyopo, na haitategemea Turbo C ya mtu.

Hatua ya 6: Kuingia VGA yenyewe, na maonyo usiyopaswa kuyaruka

BGI ni nzuri kwa mistari na duara. Utamu wa kweli uko kwenye modi 13h, ile ya rangi 256. Msingi wake ni mfupi:

```
#include <dos.h>
#include <conio.h>

unsigned char far *skrini = (unsigned char far *)0xA0000000L;

void modi(unsigned char namba)
{
    union REGS r;
    r.h.ah = 0;
    r.h.al = namba;
    int86(0x10, &r, &r);
}

void nukta(unsigned x, unsigned y, unsigned char rangi)
{
    if (x < 320 && y < 200)
        skrini[y * 320 + x] = rangi;
}

int main(void)
{
    modi(0x13);
    nukta(160, 100, 15);
    getch();
    modi(0x03);
    return 0;
}
```

Kumbukumbu ya skrini inaanzia segmenti (kipande cha kumbukumbu) A000, ofseti (umbali ndani ya kipande hicho) 0. Namba 0xA0000000L imebeba vyote viwili: nusu ya juu ni segmenti, nusu ya chini ni ofseti. Neno `far` ndilo linalofanya pointa, yaani kigezo kinachobeba anwani ya kumbukumbu, iwe na nafasi ya nusu zote mbili.

Sasa liondoe neno `far` uone. Kwenye modeli ndogo pointa inabaki na biti 16 tu, ile A000 inakatwa, na kinachosalia ni 0. Programu yako haiandiki kwenye skrini, inaandika juu ya data yake yenyewe. Ukichora nukta chache mwanzoni mwa skrini, programu ikiisha utaona "Null pointer assignment". Ukijaza skrini nzima, DOSBox itaganda. Kwa hiyo ukikutana na ujumbe huo, usitafute pointa yenye sifuri uliyoiandika wewe. Tafuta pointa iliyokosa `far`.

Hapo ndipo maonyo ya kompaila yanapokuwa na thamani kuliko makosa. Kosa linakuzuia, onyo linakuruhusu kuangamia. Mawili haya nayachukulia kuwa makosa kamili, na nakushauri ufanye hivyo: "Call to function ... with no prototype" na "Nonportable pointer conversion".

Chukua mfano wa bafa. Ili picha isipepese, wachoraji wa DOS huchora kwanza kwenye kumbukumbu ya pembeni yenye baiti 64,000, kisha huinakili yote kwenye skrini. Wa kwanza kujaribu huandika `unsigned char bafa[64000];`. Kwenye modeli ndogo, data yote ya programu pamoja na staki yake (eneo la muda la funksheni) vinakaa ndani ya baiti 65,536. Bafa hilo linaacha baiti 1,536 tu kwa mengine yote, na utaambiwa "Too much global data defined in file", au linka itasema kwamba DGROUP, yaani eneo hilo la data, imezidi 64K. Ukijaribu safu ya 320 kwa 240, ambayo ni baiti 76,800, jibu ni "Array size too large", na hakuna modeli itakayokuokoa na hilo. Dawa ni kuomba kumbukumbu ya mbali:

```
#include <alloc.h>
#include <mem.h>

unsigned char far *bafa;

bafa = (unsigned char far *)farmalloc(64000UL);
if (bafa == NULL) return 1;

/* ukishachora kwenye bafa */
movedata(FP_SEG(bafa), FP_OFF(bafa), 0xA000, 0, 64000U);
```

Sasa sahau `#include <alloc.h>` ukiwa kwenye faili la .C. Kompaila haijui farmalloc inarudisha nini, inadhani ni `int` ya biti 16, na anwani inakatwa nusu. Unapata onyo, programu inakompailiwa, inaunganishwa, inakimbia, kisha inachora takataka au inaganda. Kwenye .CPP ungezuiwa mlangoni. Hii ndiyo sababu niliyokuahidi. Na C++ itakudai pia ugeuze aina waziwazi, la sivyo itasema "Cannot convert 'void far *' to 'unsigned char far *'". Ni usumbufu wa sekunde tano unaookoa jioni nzima.

Hatua ya 7: Kosa ambalo hakuna atakayekuambia

Tuseme unataka kuchora milima yetu, kila mmoja kwa kimo chake. Rungwe una zaidi ya mita 2,900. Tuchukue 2900, na mita 3000 ziwe sawa na pikseli 200 za skrini:

```
int mita = 2900;
int kimo = mita * 200 / 3000;
```

Kwa kalamu, jibu ni 193. Kwenye Turbo C jibu ni -3, na Mlima Rungwe haupo kwenye skrini. Hakuna kosa, hakuna onyo.

Kilichotokea: `int` ya DOS ina biti 16, mwisho wake ni 32,767. Zao la 2900 mara 200 ni 580,000, haliingii. Linazunguka mara kadhaa na kuangukia -9,824, ndipo linagawanywa kwa 3000. Kijana aliyejifunzia C kwenye kompyuta ya kisasa, ambako `int` ina biti 32, hana namna ya kulishuku. Andika hivi:

```
int kimo = (int)((long)mita * 200 / 3000);
```

Neno `long` liwe upande wa kuzidisha. Ukiandika `(long)(mita * 200 / 3000)` umechelewa, hesabu imeshaharibika ndani ya mabano.

Kwa sababu hiyohiyo `nukta` hapo juu inapokea `unsigned`. 199 mara 320 jumlisha 319 ni 63,999, ambayo inaenea kwenye `unsigned` lakini haienei kwenye `int`. Utaona programu za zamani zilizotumia `int` hapo na zikafanya kazi, kwa kuwa ofseti ya pointa ya `far` nayo huzunguka kwenye biti 16. Usijenge juu ya bahati hiyo. Faida nyingine ni kwamba x hasi ikiingia kwenye `unsigned` inakuwa namba kubwa sana, na sharti la `x < 320` linaizuia.

Ukishuku hesabu, tumia F8 kwenda mstari kwa mstari na Ctrl+F7 kuangalia kigezo. Ni bora zaidi ufanye hivyo ukiwa kwenye modi ya maandishi, kabla ya kuingia 13h: weka hesabu kwenye programu ndogo ya `printf`, uone namba zenyewe.

Rangi nazo zina mtego wake mfupi. Paleti ya VGA, yaani jedwali la rangi zake, inapokea 0 hadi 63 kwa kila rangi, siyo 0 hadi 255. Kijani cha mashamba ya chai ya Mufindi ulichokichukua kwenye programu ya picha, tuseme 40, 120, 40, ukikipeleka hivyohivyo, ile 120 inapoteza biti zake za juu na kuwa 56, na unapata kijani kilichopauka. Gawa kwa nne kwanza:

```
outportb(0x3C8, 20);
outportb(0x3C9, 40 >> 2);
outportb(0x3C9, 120 >> 2);
outportb(0x3C9, 40 >> 2);
```

Ukitumia kompaila nyingine

Msimbo huu haupiti kwenye GCC ya Windows au Linux. `graphics.h` haipo huko, na `far` haijulikani. Usibishane nayo. DJGPP ya DJ Delorie inatengeneza programu za DOS, lakini za biti 32: hapo pointa ya moja kwa moja kwenda 0xA0000 itaiangusha programu, na unatakiwa upitie `_farpokeb(_dos_ds, ...)`. Open Watcom ikiwa katika biti 32 inakubali `(unsigned char *)0xA0000` bila `far`. Kila moja ina desturi zake, kwa hiyo kabla ya kunakili mfano wowote jua uliandikiwa kompaila gani.

Ukikwama na kutaka msaada

Usitume picha ya skrini nzima yenye ukungu. Mwandikie mwenzako mambo haya: toleo la kompaila, faili ni .C au .CPP, modeli ya kumbukumbu, umebonyeza Alt+F9, F9 au umekimbiza, kisha nakala halisi ya ujumbe wa kwanza pamoja na mistari mitano ya juu ya mstari uliotajwa. Awe Uyole au Njombe, mtu mwenye taarifa hizo ataweza kukujibu hata kwa ujumbe mfupi wa simu.